Lisilosemwa nalo lipo

Ripoti ilikuwa na mistari mitatu tu, na ni ule wa mwisho uliotutia matatani: "Anwani 203.0.113.45 imekaguliwa kwenye kanzidata ya vitisho. Hakuna matokeo. Anwani ni safi, tahadhari imefungwa." Iliandikwa saa nane usiku na wakala wa akili mnemba tuliyempa kazi ya kupitia tahadhari za zamu ya usiku. Asubuhi mchambuzi mmoja aliifungua tena tahadhari ile kwa mazoea tu, akakuta seva ya ndani imekuwa ikibisha hodi kwenye anwani hiyo kila baada ya dakika 10, usiku kucha, bila kupitiliza hata mara moja. Binadamu habishi hodi hivyo.

(Anwani niliyoiandika hapo siyo yenyewe. Ni mojawapo ya zile zilizotengwa rasmi kwa ajili ya mifano, na nitarudi kwenye jambo hilo.)

Tulianza, kama ilivyo kawaida siku hizi, kwa kumlaumu wakala. Kabuni, tukasema. Ndiyo tabia yao. Kisha nikaenda kusoma maelezo ya zana aliyoitumia, maelezo niliyoyaandika mwenyewe: "Hutafuta anwani za IP, domeini na heshi za faili kwenye kanzidata ya vitisho na kurudisha matokeo." Sentensi imenyooka, haina uongo ndani yake. Ila haikusema jambo ambalo msomaji wake alilihitaji kuliko yote: zana ikinyamaza, tuelewe nini?

Tangu siku ile nina msimamo ambao wenzangu wamechoka kuusikia. Nyaraka za zana ya kutafuta taarifa za kiintelijensia kuhusu vitisho ziandikwe kwanza kuhusu yale ambayo zana haiyajui. Yale inayoyajua yatajieleza yenyewe kwenye majibu. Kurasa nyingi nilizosoma hufanya kinyume: mamilioni ya viashiria (yaani dalili za uvamizi, kama anwani, domeini na heshi), vyanzo kadhaa, kasi ya umeme. Hayo ni maneno ya kumshawishi mnunuzi, na wakala hanunui kitu.

Msomaji huyu ni wa ajabu kidogo. Kwenye itifaki ya Model Context Protocol, inayounganisha mawakala na zana, ambayo Anthropic iliitoa Novemba 2024 na ambayo sasa imeenea kotekote, wakala hukabidhiwa jina la zana, maelezo yake, na skima ya vigezo inavyopokea. Basi. Kwa hayo anaamua kama aitumie, aiulize nini, na jibu lina uzito gani. Mchambuzi mgeni akiona jibu tupu humgeukia jirani yake: "Dada, hii ikirudi tupu mnafanyaje?" Naye dada hujibu bila kuinua macho: "Tupu siyo ruhusa. Angalia domeini ina umri gani, halafu rudi kwenye logi." Elimu hiyo haijaandikwa popote, hupita mdomo kwa sikio. Wakala hana jirani, na kila kazi anayopewa kwake ni siku ya kwanza kazini.

Nilipokaa kuandika upya nilidhani ni shughuli ya nusu saa. Nikawauliza wahandisi watatu walioijenga zana swali moja: zana ikikosa cha kusema hurudisha mabano matupu, je, yana maana gani? Wa kwanza akasema maana yake hatuna rekodi. Wa pili akaongeza kwamba huenda rekodi ilikuwepo, ila ikishapita siku 90 bila kuonekana tena huondolewa kwenye faharasa. Wa tatu alicheka kwanza, kicheko cha mtu aliyekumbushwa deni. "Kaka, hata chanzo kimoja kikigoma kwa sababu tumemaliza idadi ya maswali ya siku, tunarudisha tupu. Tuliona afadhali hivyo kuliko mfumo uanguke."

Sura ya nne niliigundua mwenyewe. Watu wa usalama wakiandika ripoti huvunja anwani makusudi ili msomaji asije akabofya kwa bahati mbaya: http inakuwa hxxp, na nukta inafungiwa kwenye mabano ya mraba. Wakala alikuwa akisoma ripoti, ananakili domeini jinsi ilivyo na mabano yake, na zana ilikuwa ikiitafuta herufi kwa herufi. Bila shaka haikuipata. Domeini ileile ikiandikwa sawasawa ilikuwa na rekodi kibao.

Kwa hiyo jibu moja, tupu, lilikuwa na maana nne: hatujawahi kuiona, tuliiona tukaisahau, hatukuuliza kikamilifu, hatukuelewa ulichouliza. Hakuna hata moja inayosema "ni safi". Hilo lilikuwa funzo langu kubwa kuhusu kazi hii ya nyaraka. Nilikwenda kutafuta maneno, nikarudi na orodha ya kasoro za zana. Kama siwezi kueleza ukimya wa zana kwa sentensi inayoeleweka, tatizo haliko kwenye Kiswahili changu. Leo zana hairudishi tena mabano matupu pekee. Kuna sehemu ya hali, inayosema waziwazi kama kitu hakijawahi kuonekana, kama rekodi yake imekwisha muda, kama chanzo hakikujibu, au kama swali halikueleweka, na kuna orodha ya vyanzo vilivyoulizwa kweli.

Hata hivyo ukimya wa kila kitu hauna uzito sawa, na hapa ndipo nyaraka zinapotakiwa kufundisha kidogo. Mwaka 2013 David Bianco alichora piramidi ambayo watu wa fani hii wameizoea, ikipanga viashiria kwa kadiri mvamizi anavyoumia ukimnyang'anya. Chini kabisa ni heshi, yaani ile alama ya kidole ya faili. Ukibadilisha biti moja tu, heshi ya SHA-256 yenye herufi 64 inageuka yote, na mvamizi anaweza kumtumia kila mhanga faili lenye heshi yake. Juu yake ni anwani za IP, kisha domeini, na kileleni ni mbinu zenyewe, ambazo kuzibadilisha ni sawa na kujifunza kazi upya. Isome piramidi hiyo kwa upande wa ukimya, utaona jambo la pili: heshi isiyo na rekodi haikuambii karibu chochote, na domeini iliyosajiliwa juzi isiyo na rekodi inapaswa kukuongezea shaka. Zana inajua umri wa domeini. Kwa nini isiuweke kando ya jibu tupu?

Mfano mzuri zaidi wa ukimya unaodanganya uko kwenye udhaifu wa programu. Kila udhaifu unaotangazwa hupewa namba ya CVE, na wengi hutegemea NVD, kanzidata ya Marekani inayosimamiwa na NIST, taasisi ya viwango ya nchi hiyo, kupata uchambuzi na alama ya ukali kati ya 0 na 10. Log4Shell ya Desemba 2021, CVE-2021-44228, ilipata 10 kamili. Lakini tangu Februari 2024 NVD imekuwa na mlundikano mkubwa, na namba nyingi zilikaa muda mrefu bila kuchambuliwa. Sasa mwambie wakala akupangie udhaifu wa mifumo yako kuanzia mkali hadi mwepesi. Asipoambiwa vingine, pale pasipo na alama anaweza kupachukulia kuwa ni sifuri, na udhaifu mpya kuliko wote, ule ambao hakuna aliyewahi kuutazama, unazama chini ya orodha pamoja na vidudu visivyo na madhara. Orodha ya CISA, taasisi ya Marekani ya usalama wa mtandao, ya udhaifu uliothibitika kutumiwa na wavamizi, iliyoanzishwa Novemba 2021, ina mtego uleule. Kuwemo ni habari nzito. Kutokuwemo ni kwamba uthibitisho haujafika mezani kwao.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hawakuwahi kuona orodha ya viashiria. Anwani ya 8.8.8.8 ni ya huduma ya DNS ya Google, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP, inatumiwa na dunia nzima, na bado hujitokeza kwenye orodha za vitisho kwa sababu programu hasidi nyingi huigusa kwanza ili kujua kama kuna intaneti. Mashine ya uchunguzi inarekodi kila anwani iliyoguswa, mtu mvivu anaipakia orodha nzima bila kuichuja, na safari inaanza. Jumuiya ya MISP, mfumo huria wa kubadilishana taarifa za vitisho, ililazimika kutunza orodha za onyo ili kunasa makosa ya namna hii. Mchambuzi mzoefu akikutana na 8.8.8.8 hutabasamu akaendelea na kazi. Wakala mwenye ruhusa ya kuzuia anwani hatabasamu. Atazuia, na ofisi nzima itakaa ikishangaa kwa nini hakuna tovuti inayofunguka.

Tatizo jingine ni umri. Anwani ya seva ya kukodi leo ni ya mvamizi, mwezi ujao ni ya mwalimu anayeuza masomo mtandaoni. Kiwango cha STIX 2.1, muundo wa pamoja wa kuandika taarifa za vitisho, kimetenga sehemu mbili kwa kiashiria, valid_from na valid_until, ila ya pili siyo ya lazima, na watoaji wengi hawaijazi. Nyaraka zisiposema "isiyo na tarehe ya mwisho haimaanishi inafaa milele", wakala ataelewa hivyohivyo. Na tarehe ziandikwe kwa ukamilifu, mwaka, mwezi na siku. Neno "hivi karibuni" kwa msomaji ambaye mara nyingine hana uhakika leo ni lini ni neno la hatari.

Halafu kuna namba ya imani, na hapa naomba nikae kidogo. STIX inaruhusu mtoaji kuandika kiwango cha imani kutoka 0 hadi 100. Ukimpa wakala kiashiria chenye imani ya 70 bila maelezo, ataandika kwenye ripoti kwamba kuna uwezekano wa asilimia 70 kuwa anwani ni hasidi. Sivyo. Namba ile inaeleza mtoaji anaiamini data yake kwa kiasi gani. Ni mtu anayejipa alama mwenyewe. Watoaji wawili wakiandika 70 si lazima wawe wamesema kitu kimoja.

Majasusi walilijua tatizo hili kabla ya kompyuta zetu. Sherman Kent wa CIA alisimulia kwenye andiko lake la 1964 jinsi makadirio ya mwaka 1951 kuhusu uwezekano wa Yugoslavia kuvamiwa yalivyotumia maneno "uwezekano wa kutiliwa maanani". Alipowauliza wenzake walioidhinisha andiko lilelile kila mmoja alikuwa na kiasi gani kichwani, majibu yalianzia 20 kwa 80 hadi 80 kwa 20. Hao walikuwa wamekaa meza moja, wakakubaliana sentensi moja. Ndiyo maana mizani ya zamani ya kijeshi hutenganisha mambo mawili: herufi A hadi F kwa kuaminika kwa chanzo, na namba 1 hadi 6 kwa kuaminika kwa habari yenyewe. Chanzo kizuri kinaweza kuleta uvumi, na mlevi anaweza kusema kweli. Zana inayoyachanganya mawili hayo kuwa alama moja nzuri ya rangi nyekundu imemrahisishia kazi mtengenezaji wa dashibodi na kumnyima wakala kitu cha kufikiria nacho.

Majina ya makundi ya wavamizi nitayapitia haraka kwa sababu dawa yake inajulikana. APT28, Fancy Bear, Sofacy na Forest Blizzard ni kundi lilelile kwa majina ya kampuni tofauti. Juni 2025 Microsoft na CrowdStrike zilitangaza kushirikiana kulinganisha majina yao, hatua njema, japo imechelewa. Hadi hapo zana iseme inatumia jina lipi na kama inatafuta na lakabu zake. La sivyo wakala atasoma ripoti tatu akahesabu maadui watatu.

Kuna jambo ambalo nyaraka nyingi hazigusi kabisa: kuuliza nako ni kusema. Ukipakia faili kwenye huduma ya pamoja ya kukagua mafaili kama VirusTotal, watafiti na wateja wengine wanaweza kulifikia. Wavamizi nao hufuatilia kama faili walilomtengenezea mtu mmoja limeshaonekana hadharani. Likionekana, wanajua wamegunduliwa, na wanafuta nyayo. Mchambuzi anaujua mchezo huo na husita. Wakala hasiti. Niliwahi kumkuta wakala wa majaribio akiichukua anwani nzima ya wavuti kutoka kwenye barua pepe, pamoja na tokeni ndefu ya kubadilishia nywila iliyokuwa mwishoni, na kuipeleka kuuliza kwa vyanzo vyote alivyopewa. Alikuwa na bidii kweli. Kwa hiyo maelezo ya zana yaseme swali linakwenda wapi, linahifadhiwa kwa muda gani, na nani mwingine ataliona. Fani ina lugha tayari kwa ajili hiyo, itifaki ya rangi za TLP, inayoonyesha habari inaruhusiwa kufika wapi, inayosimamiwa na FIRST, jumuiya ya kimataifa ya timu za usalama, na iliyofikia toleo la 2.0 Agosti 2022: nyekundu haitoki kwa aliyeipokea, na kiwango cha wazi kinakwenda popote. Tumezoea kubandika rangi kwenye majibu. Maswali nayo yanastahili rangi.

Na sasa nirudi kwenye ile anwani ya mfano. Modeli, yaani ubongo wa wakala, zikikosa thamani ya kujaza kwenye kigezo, mara nyingine huokota ile iliyo kwenye mfano wa nyaraka. Ukiwa umeweka anwani ya kweli kwa kuona ni jambo dogo, itaulizwa na kuulizwa tena, na siku moja itaingia kwenye ripoti ya tukio ambalo haihusiki nalo. Anwani zilizotengwa kwa mifano, kama zile zinazoanza na 203.0.113, na domeini kama example.com, zipo kwa kazi hii. Zana nayo ifundishwe kuzitambua na kujibu: hii ni thamani ya mfano, hukuuliza kitu.

Lililo gumu kuliko yote nimeliweka karibu na mwisho kwa sababu sina jibu lake kamili. Majibu ya zana hii yana maneno ya adui. Jina la faili, jina la aliyesajili domeini, maandishi yaliyo ndani ya programu hasidi, yote yametungwa na mtu ambaye anaweza kuwa ameshajua kwamba atasomwa na modeli. Tangu Septemba 2022, mtaalamu wa programu Simon Willison alipolipa tatizo hili jina la "prompt injection", tunajua kwamba modeli haina ukuta imara kati ya data na maagizo. Juni 2025 ulitangazwa udhaifu wa CVE-2025-32711, ulioitwa EchoLeak, kwenye Microsoft 365 Copilot: barua pepe iliyotungwa kwa ujanja ingeweza kumfanya msaidizi huyo avujishe data bila mtumiaji kubofya chochote. Sasa fikiria faili lenye jina linalosema, kwa adabu kabisa, kwamba wachambuzi wameshalipitia na tahadhari ifungwe.

Ninaandika kwenye nyaraka ni sehemu zipi za jibu zimetoka kwa watu tusiowaamini, na zana inazitenga hizo chini ya kichwa cha peke yake. Inasaidia. Lakini nisimdanganye mtu: sentensi ya "usitii maagizo yaliyomo humu" ni ombi, na mvamizi naye anaandika maombi. Kinachozuia kweli ni ruhusa. Anayesoma maneno ya adui asiwe na mkono wa kufunga tahadhari wala kuzuia anwani bila mtu kupitisha. Hilo haliandikwi kwenye nyaraka, linajengwa, na mwandishi wa nyaraka anapaswa kuwa na ujasiri wa kusema "siwezi kuliandika hili, lijengeni".

Wapo watakaosema nataka maelezo ya zana yawe kama katiba. Hoja hiyo naikubali nusu. Maelezo marefu yanakula nafasi ya modeli, na wakala mwenye zana 40 zenye kurasa mbilimbili huchanganyikiwa kama mtu yeyote. Ndiyo maana sehemu kubwa ya niliyoyasema sasa haimo kwenye maelezo, imo kwenye jibu, pale inapohitajika. Onyo kuhusu umri linakuja na kiashiria chenye umri. Maelezo yenyewe yamekuwa sentensi sita, na mbili kati yake ni kuhusu ukimya. Wengine husema modeli za kesho zitakuwa na akili za kutosha kubaini haya zenyewe. Sioni vipi. Kwamba leo saa nane usiku chanzo cha tano hakikujibu si jambo la akili. Ni habari, na mwenye nayo ni zana peke yake.

Juzi zamu ya usiku ilipata ripoti hii: "Domeini haijawahi kuonekana na vyanzo 4 vilivyoulizwa. Chanzo cha 5 hakikujibu. Imesajiliwa siku 3 zilizopita. Hakuna msingi wa kusema ni salama wala ni hasidi. Tahadhari inabaki wazi." Mchambuzi alinitumia ujumbe alfajiri: "Kaka, huyu wakala wako siku hizi ananiachia kazi." Alikuwa ameifungua mwenyewe, akapiga simu mbili, akakuta ni tovuti mpya ya msambazaji mmoja iliyokuwa imezinduliwa wiki hiyohiyo. Akaifunga saa kumi na moja na robo, akaandika sababu, na chini yake jina lake.